Forodhani usiku: urojo na miwa ndiyo, meza za samaki nenda nazo taratibu

Wadau, ukimwambia mtu unaenda Unguja lazima akwambie "usikose Forodhani", alafu nusu ya hao hao wakirudi wanalalamika, mara chakula ghali, mara samaki mkavu, mara tumepigwa bei. Mimi naenda kule mara kwa mara kwa sababu shangazi yangu anakaa Kikwajuni, na msimamo wangu ni kwamba Forodhani chakula kizuri kipo, tena cha kutosha, ila hakipo pale taa zinapowaka sana. Kipo pembeni, kwa watu wanaopika kitu kimoja tu, cha moto, na foleni yao ina wenyeji. Zile meza kubwa zenye mishkaki ya baharini iliyopangwa kama vito kwa sonara ndo zinazoliza watu.

Kwa wasiopajua, ni bustani iko mbele ya bahari pale Mji Mkongwe. Ukishuka boti Malindi kama huna mizigo mizito usichukue teksi, shika tu ile barabara ya Mizingani na bahari ikae mkono wako wa kulia, utapita ile Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao za nakshi, utapita Mtini, pale kwenye mti mkubwa, utapita jumba la masultani, afu utaikuta Beit al-Ajaib, au tuseme iliyobaki, maana lile jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883 upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020 na inauma kuliangalia. Ukishaliona hilo ushafika, mbele yako bustani, ng'ambo ya barabara Ngome Kongwe.

Bustani yenyewe ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa ajili ya jubilei ya Sultan Khalifa, baada ya Mapinduzi ikabadilishwa jina, na huu muonekano wa sasa wa njia za mawe, majani na taa ni kazi ya taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009. Shangazi anasema zamani ilikuwa vumbi tupu na taa za karabai, na kwamba chakula kilikuwa kitamu zaidi. Sasa shangazi kwake yeye kila kitu cha zamani kilikuwa kitamu zaidi, mpaka maji ya bomba, kwa hiyo hapo siwezi kumtumia kama ushahidi.

Fika mapema. Namaanisha kabla ya magharibi, kwenye saa kumi na moja na nusu hivi. Kwanza utawaona vijana wa makachu wanaruka kutoka kwenye ukuta kuingia baharini, wanakimbia kutoka mbali, wanajikunja hewani mara mbili mara tatu, wengine wanaruka wanne kwa pamoja, na hiyo ni burudani ya bure (ukiwapa chochote ni ubinadamu wako tu, ila ukitoa simu kuwarekodi mmoja atakuja na maji yanamchuruzika kukuuliza umempa nini). Pili, muda huo ndo meza zinapangwa, mkaa unawashwa, na wewe mwenye macho utaona nani anatoa vitu vibichi kwenye deli la barafu na nani anatoa mishkaki ambayo tayari ina rangi ya jana. Ukija saa tatu usiku vyote vimeshapitishwa motoni, vinang'aa mafuta, huwezi kutofautisha.

Haya tuje kwenye urojo, maana mimi kwa kweli naenda Forodhani kwa ajili ya urojo na mengine ni ziada.

Wageni wengi wanauruka kwa sababu kwa macho hauvutii, ni bakuli la kitu cha manjano kizito na vitu vinaelea. Shauri yao. Kuna mama mmoja anakaa upande wa ukuta wa bahari, hana meza ya kitambaa cheupe wala kofia ya mpishi, ana masufuria mawili na mabeseni yamefunikwa, na ukisimama mbele yake utaona mkono unavyofanya kazi bila yeye kuangalia. Anaanza na viazi vya kuchemsha, vipande vikubwa. Anaweka kachori, anaibonyeza na mgongo wa kijiko ipasuke ili urojo uingie ndani. Bajia za dengu tatu nne, yai la kuchemsha nusu, halafu anachota ule urojo wenyewe kutoka chini ya sufuria, sio juu, anazungusha kwanza upawa ndo anachota. Juu yake chatne ya nazi, mshikaki wa nyama anauchomoa kijiti chake na kuuachia humo, na mwisho kabisa anatupia mkono mzima wa chipsi za muhogo zile nyembamba kavu. Hizi zikitangulia zinalowa na umeharibu kila kitu, yeye anaziweka mwisho na anakupa bakuli hapo hapo kama anakuhimiza uanze kula.

"Pilipili nkutilie?"

"Tia kidogo mama."

"Kidogo ya bara au kidogo ya huku?"

Nikasema ya huku, nikijifanya mwenyeji, akacheka akatia ya bara.

Utamu wa urojo uko kwenye ukali wake. Ule uji unapikwa kwa unga wa ngano, wengine wanachanganya na wa dengu, unawekwa manjano, na ukali unatoka kwenye embe mbichi au ndimu au ukwaju, inategemea mpishi na msimu. Wa embe mbichi mimi ndo nauona bora, ukali wake hauji wote kwa mara moja, unakuja nyuma ya ulimi ukishameza, afu nazi inapoza, afu unakutana na kipande cha muhogo kinavunjika, basi unajikuta umefika chini ya bakuli na bado unakwangua. Urojo mbaya nao upo, tena hapo hapo Forodhani, utaujua kwa unga ambao haujaiva, unanata mdomoni na ndimu imemiminwa nyingi kuficha. Kwa hiyo usinunue tu kwa wa kwanza utakayemuona. Angalia sufuria, kama limefika nusu na watu bado wanakuja, kaa hapo.

Bei nilitozwa buku tatu bakuli la kushiba, na kuna wengine pale pale wanasema tano kwa mtu anayeonekana mgeni. Kule Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ni chini ya hapo, na binamu zangu wote wanaapa kwamba urojo wa kweli uko Ng'ambo, kila mmoja kwa mtaa wake, na ukitaka ugomvi wa kifamilia waulize upi unazidi. Siwapingi sana. Urojo wa mtaani wanaula alasiri, watoto wanatoka skuli na chuoni (madrasa) wanakaa barazani na mabakuli, na mpishi anajua kila mtu anataka nini. Huo wa Forodhani nakubali unazidiwa kidogo kwa ladha ila una upepo wa bahari, na upepo nao unaliwa jamani, siku umeshinda kwenye joto la Mji Mkongwe utanielewa.

Baada ya urojo na pilipili koo linadai kitu, na hapo ndo juisi ya miwa. Hii sina maneno mengi. Mashine ya magurudumu, kijana anasukuma miwa ndani, anaikunja pamoja na kipande cha tangawizi na ndimu na maganda yake, anarudisha tena na tena mpaka makapi yanatoka makavu kabisa, anachuja, anakupa. Sharti moja tu, simama hapo akamue mbele yako. Kuna wanaokamua kwenye ndoo mapema na kuweka barafu nyingi, ile ikikaa inabadilika rangi inakuwa ya udongo na ladha inakufa. Na kama tumbo lako ni la wasiwasi mwambie asitie barafu, hatakushangaa, wageni wengi wanasema hivyo.

Pizza ya Zanzibar. Najua mnaisubiri maana ndo inayopigwa picha kuliko vyote. Kwanza tuelewane, sio pizza, usiende na matarajio ya pizza utalia. Ni kinyunga cha chapati anakipiga piga na kiganja kwenye meza yenye mafuta mpaka kinakuwa chembamba unaona meza kwa chini, katikati anaweka kipande kingine kidogo cha unga kiwe kama sakafu, juu yake nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, jibini, mayonezi, anapasua yai anavuruga na ncha ya kijiko humo humo, halafu anakunja pembe nne kama bahasha na kutupa kwenye tawa. Watu wa Mombasa watasema huu si ni mkate wa mayai tu, na wale waliokaa Uarabuni watasema hiyo mbona mutabaki, na wote wana haki, ni ukoo mmoja, Forodhani wameongeza tu mayonezi na kelele.

Ni tamu? Ndiyo, ya nyama na yai ni tamu kama ikikaangwa taratibu. Kosa lao kubwa ni haraka, foleni ikiwa ndefu wanaongeza moto, nje inababuka na ndani kitunguu bado kinalia. Nilishamwambia mmoja "kaka mi sina haraka, iache iive", akaniangalia kidogo, akaisogeza pembeni ya tawa, akahudumia wengine wawili, akanipa yangu ikiwa imekauka vizuri pande zote, tena akaniambia angependa wateja wote wawe hivyo. Kwa hiyo semeni tu. Ile ya chokoleti na ndizi watoto watataka, wape, moja inatosha watoto wawili, ni sukari tupu. Ila ile ya vitu vya baharini kwenye pizza sikushauri kabisa, ukishasoma hapa chini utajua kwa nini.

Sasa meza za samaki.

Wale jamaa wamevaa kofia ndefu nyeupe na makoti ya upishi, meza zinavutia kweli, pweza, ngisi, kamba, kambakochi, jodari, nguru, papa, vyote kwenye vijiti, na kila unapopita unaitwa kwa lugha saba. Jambo jambo rafiki, kisha akisikia Kiswahili chako anageuka "karibu ndugu yangu, kwako bei ya mwenyeji". Bei ya mwenyeji hiyo usiiamini mpaka uisikie kwa namba.

Sisemi wote ni wabaya, kuna meza nimekula ngisi laini ajabu, wamechomwa mbele yangu na ndimu na chumvi tu. Lakini vitu vingi pale vimeshapikwa kabla, kazi ya mkaa ni kuvipasha. Kwa pweza hilo sio kosa, pweza lazima apigwe na achemshwe kwanza la sivyo utatafuna mpaka boti ya asubuhi. Ila kamba akiwa amelala mezani tayari ni mwekundu, ujue huyo keshaona moto mara moja, na akirudishwa tena kwenye mkaa anakuwa mgumu na mkavu, na bei yake ndo ya juu kuliko vyote. Ukimkuta kamba bado ana rangi ya kijivu kijivu, huyo mchukue. Samaki vile vile, mishkaki iliyopakwa viungo vyekundu mpaka nyama yenyewe haionekani mimi huwa naipita, naomba kipande cheupe ambacho nakiona kilivyo, na nakinusa, wala sioni aibu. Kuuliza "huyu wa leo?" hakuna maana yoyote, hajazaliwa muuzaji atakayekujibu wa juzi.

Alafu mfumo wao wa malipo ndo shida kubwa. Unapewa sahani, unanyoosha kidole, kitu kinawekwa, unanyoosha tena, kinawekwa, bei hakuna anayeitaja, vinachomwa, vinaletwa, unakula, ndo hesabu inakuja. Nilimpeleka rafiki yangu wa Arusha akafanyiwa hivyo kwenye meza moja, vijiti vichache tu na chapati, akatajiwa pesa ambayo kwetu tungenunua samaki mzima na kualika jirani. Tukabishana, ikashuka, tukabishana, ikashuka tena, na hiyo ya kushuka kirahisi namna ile ndo iliyoniudhi kuliko ile bei yenyewe. Kwa hiyo kila kijiti uliza bei kabla hakijagusa mkaa, jumlisha mwenyewe kwa sauti, mwambie "kwa hiyo jumla ni kadhaa, sivyo?", akikubali ndo achome. Wauzaji wazuri hawakasiriki, na anayekasirika umeshamjua.

Ukitaka kushiba bila mawazo chukua mishkaki ya nyama ya ng'ombe, inachomwa muda wote kwa sababu wenyeji ndo wanaila, na chukua shelisheli. Huyu shelisheli ni tunda, wabara wengi hawamjui, anachomwa au anakaangwa, yuko katikati ya muhogo na mkate, mzito, ukimtia kwenye chatne ya ukwaju au pilipili unasahau chipsi. Mkate wa ufuta nao ukiupata bado wa moto, na mishkaki, hapo hata hesabu haikuumizi kichwa. Chapati zao mimi sizisifii, nyingi zimekaa.

Mambo madogo madogo. Soda, maji na juisi vipo, pombe pale hakuna, usiulize. Ni mji wa Waislamu, vaeni kwa heshima, kaptula fupi za ufukweni acheni Nungwi. Mwezi wa Ramadhani mchana hutapata kitu ila usiku baada ya tarawehe panachangamka na familia zinatoka, kwa maoni yangu ndo wakati mzuri kuliko wote kama huna shida ya kusubiri. Papasi wapo, watakufuata kukuuzia safari ya viungo, safari ya kisiwa cha Changuu kuona kobe, na meza ya "kaka yangu", kobe wa kweli wapo na safari ni nzuri ila mezani usipelekwe na mtu, maana kamisheni yake iko kwenye sahani yako. Paka wapo wengi sana, wataka samaki wako, wana adabu lakini hawana subira. Beba hela ndogo ndogo, ukitoa msimbazi (noti ya elfu kumi) kwa juisi ya miwa chenji itatafutwa meza hadi meza. Maji ya kunawa kuna wenye dumu lenye bomba na sabuni, wengine hawana, beba tishu.

Ukimaliza kula usikimbilie kulala. Ingia vichochoroni kama dakika kumi uende Jaws Corner, pale wazee na vijana wanakaa barazani, kahawa chungu ya kwenye dele kwa kikombe kidogo, bei ya kahawa hata jero huimalizi vizuri, kashata pembeni, domino zinapigwa mezani kwa hasira na siasa zinajadiliwa kwa sauti ambayo bara ingekuwa ugomvi. Ile kahawa inamaliza mafuta yote ya pizza. Nilimuuliza shangazi kwa nini yeye Forodhani haendi kula, akanijibu "mwanangu, kule twendaga kupunga upepo, chakula nnacho ndani", na kweli siku hiyo nyumbani kulikuwa na pweza wa nazi.

Nyota: urojo wa yule mama tano, miwa tano, pizza tatu na nusu, mishkaki ya ng'ombe na shelisheli nne, meza za baharini mbili na hizo mbili ni kwa ajili ya yule wa ngisi. Mandhari sihesabu, ile ni bahari, haipikwi na mtu.

Na kama unaenda kati ya Machi na Mei angalia mawingu kabla ya kutoka, mvua ya masika ikishuka meza zinafunikwa nailoni dakika hiyo hiyo na wote mnakimbilia mlango wa Ngome Kongwe na mabakuli mkononi. Ikikukuta usisubiri sana, chukua bajaji au tembea mpaka Michenzani, kule wapishi wengi wako chini ya paa na bei haijui kama wewe ni mgeni.